Mama wa Chapa na Uzito wa Nyuso

Kila picha iliyoingia dukani kwake ilikutana na swali lilelile, kama mgeni aliyetokea mlangoni na begi: "Inakwenda kukaa wapi?"

Swali hilo hakumuuliza mwenye picha. Alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, akiiuliza picha yenyewe. Mwenye picha ndiye aliyejikuta akijibu kwa niaba yake. Inakwenda ukutani. Inakwenda kwenye kadi ya harusi. Inakwenda kwenye kijitabu cha ibada. "Kubwa kiasi gani?" Hapo watu walitanua mikono hewani, kama wanaoeleza ukubwa wa nyoka waliyemkuta shambani. Yeye aliitazama ile mikono, akairudia picha, akacheka puani.

"Haifiki huko," alisema. "Itafia njiani."

Newala nzima ilimwita Mama wa Chapa. Zamani alikuwa mpiga chapa wa ofisini, enzi za mashine zilizolia kengele mwisho wa mstari, na hata kompyuta ilipokuja aliendelea kuipiga kwa nguvu zilezile, hata herufi za kibodi yake zikafutika zote. Aliandika kwa kumbukumbu ya vidole. Duka lake lilikuwa jirani na soko, kati ya fundi cherehani na muuza ndoo na mapipa, na Newala, mji wenye shida ya maji, muuza mapipa hakosi wateja. Alitoa kopi, alichapa barua, aliweka vyeti kwenye nailoni ngumu. Lakini penzi lake lilikuwa vijitabu: vya harusi, vya mahafali, vya misa ya shukrani, vya mazishi. Yeye Mwislamu, mtandio haukumtoka kichwani, lakini alijua mpangilio wa ibada ya Kianglikana kiasi kwamba akipewa nyimbo zimevurugwa alizirudisha mahali pake bila kumuuliza katekista.

Nilianza kumjua nikiwa sekondari, nilipotumwa na mama kutoa kopi. Nilipoanza kuandika hadithi nikawa nampelekea kurasa zangu azichape. Hakuzipenda. Zilimchosha kwa sababu hazikuwa na picha.

"Maneno hayana uzito, mwanangu," aliniambia siku moja, akinionyesha kwenye kioo ukubwa wa mafaili. "Tazama mwenyewe. Kitabu chako chote hiki ni chepesi kuliko picha moja ya mbuzi."

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Picha ya mbuzi, ambayo mtu alikuwa ameileta kwa tangazo la mbuzi aliyepotea, ilikuwa imekizidi kitabu changu mbali sana. Nilikwenda nyumbani nikiwaza jambo hilo njia nzima. Kwa nini mbuzi awe mzito kuliko watu wote niliowabuni, na mapenzi yao, na vifo vyao? Nadhani udadisi wangu kwake ulianzia hapo, na haujaisha mpaka leo.

Mwaka juzi tulimpelekea picha ya Bibi, mama yake mama yangu.

Tulikuwa tunajiandaa kusimika msalaba kaburini kwake. Kwetu siku hiyo ni kubwa, watu hutoka mbali, na familia hutoa kijitabu chenye nyimbo, masomo, maneno machache ya maisha ya marehemu, na uso wake kwenye jalada. Bibi alikuwa wa mwisho katika ukoo wetu kuwa na nembo, zile chale ambazo wasichana wa Kimakonde wa zamani walichanjwa usoni, zikasuguliwa masizi, zikabaki maisha yote. Mashavuni mwake ilikuwa mistari ya pembe-pembe. Mwingine ulishuka katikati ya paji la uso hadi juu ya pua. Mama alitaka kitu kimoja tu kwenye kijitabu kile: nembo zionekane. Tangu Bibi afariki ndugu walikuwa wanabishana kama zile pembe za mashavuni zilielekea juu au chini. Kila mmoja alikuwa na uhakika, na kila mmoja alikuwa na uhakika wake. Kilichomtisha mama ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa nao tena.

"Nimelalia lile shavu utoto wangu wote," alisema. "Leo nikifumba macho naona shavu, mistari siioni."

Picha ilikuwa moja tu duniani. Ilitundikwa kwa Mjomba, Lisekese kule Masasi, kwa sababu kwetu Mjomba ndiye mwenye ukoo wa mama na vitu vya namna hiyo hukaa kwake. Mjomba aliipiga kwa simu yake mpya, akairusha kwenye kundi la familia, mama akaipokea, tukaibeba mpaka dukani.

"Shikamoo, Mama wa Chapa."

"Marahaba. Hebu nimuone."

Akaifungua kwenye kompyuta. Akaikuza. Akaikuza tena.

"Mama Tumaini," alisema mwishowe, "huyu ni mama yako au mdogo wako? Ana ngozi ya mtoto wa shule. Nani kamuosha?"

Mama aliinama mpaka paji lake likakaribia kugusa kioo. Mashavu ya Bibi yalikuwa laini kama sahani. Macho yalikuwa yake, mdomo ulikuwa wake, hata ule ukali kidogo wa kidevu. Nembo hazikuwapo.

"Ziko wapi?"

"Ndiyo nakuuliza. Nyie Wamakonde mlijichanja msipotee, leo mmepotelea kwenye simu."

Yeye alikuwa Mmakua, na Wamakua ni watani wetu. Siku yoyote nyingine mama angemrudishia mara mbili. Siku ile aliishika meza kwa mkono mmoja, na Mama wa Chapa aliuona ule mkono, akavua miwani.

Mama akampigia Mjomba. Sauti ya Mjomba ilijaa dukani: yeye macho yake hayamwonyeshi vizuri siku hizi, akiitazama picha anaona uso tu, na huenda jua la miaka yote hiyo limeifuta. Mama akakata simu. Hilo ndilo alilokuwa anaogopa, kwamba hata kule ukutani hazimo tena.

Lazima nieleze Mama wa Chapa alivyofundisha habari ya uzito, maana bila hiyo hataeleweka.

Mteja akimwambia "punguza tu, faili limekuwa kubwa," alimtazama kama mtu aliyesema punguza tu mtoto. Alivuta kona ya picha kwa kipanya mpaka ikawa kama stempu ya posta katikati ya ukurasa, akauliza, "Sasa imepungua?"

"Imepungua."

"Haijapungua. Imekunjwa. Uzito wote umo humohumo."

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike, mchangamfu, aliyekuja kuandaa kadi ya sherehe yake ya kuzaliwa. Picha aliyoipenda zaidi ilikuwa ya zamani, amepigwa na mume waliyeachana. Alikuwa amemkata mwanamume nyumbani kwenye kompyuta yake, kwa kusogeza ukingo wa picha, akabaki yeye na gauni lake la njano. Kadi moja, picha moja, na faili zito lisiloweza kutumwa. Mama wa Chapa akabofya, akabofya tena, ukingo ukarudi nyuma, na bwana akatokea mzimamzima na suti yake ya kijivu, mkono begani kwa mwalimu.

"Dada, huyu bado yumo humu," alisema. "Umemkata lakini bado unambeba. Na ndiye mzito kuliko wewe."

Tuliokuwa kwenye foleni tuliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, akajifuta machozi ya kicheko, halafu akayafuta tena.

"Kuna mahali pa kumtoa kabisa," Mama wa Chapa alisema, sasa kwa upole. "Akitoka hapo harudi. Nimtoe?"

Mwalimu alikitazama kile kioo.

"Subiri kwanza," alisema.

Kadi zilichapwa na bwana akiwa ndani yake, amejificha nyuma ya ukingo, na hakuna mgeni aliyejua. Nilimuuliza Mama wa Chapa kwa nini hakumshauri. Akasema kazi yake ni kuwaambia watu wanabeba nini. Kutua ni shauri lao.

Sitaki mtu afikiri alikuwa hakosei. Alikosea, na alikosea kwa sauti kubwa. Aliamini kwamba kompyuta iliyojaa picha huwa nzito mkononi kuliko tupu, na alikuwa tayari kugombana na yeyote. Aliamini joto la bati huzifubaza picha zikiwa ndani ya kompyuta, kwa hiyo mchana alifunika mashine kwa khanga mbichi iliyokamuliwa, ambayo ilikuwa hatari kuliko hilo joto. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge alimletea picha yake ndogo iliyozunguka simu nyingi, akitaka kalenda kubwa ya kuwagawia wateja. Mama wa Chapa alimuonya. Mzee hakusikia. Basi akaichapa kalenda kubwa, na picha ya mzee akaiacha kwa ukubwa ilioweza kuustahimili, sawa na kiberiti, katikati ya karatasi nyeupe.

"Umeniweka kama mbu ukutani!" mzee alifoka.

"Mbu anayeonekana miguu," alimjibu. "Ningekukuza ungekuwa bonge la uji."

Mzee alipita mbele ya duka mwaka mzima bila kusalimia. Kalenda ilipoisha, akaja na picha nyingine, ndogo vilevile.

Na aliwahi kukosea kosa lisilochekesha. Kwaya moja ilitimiza jubilei yake, yeye akakipanga kijitabu, faili likakataa kwenda kwa mchapaji wa Masasi aliyechapa vijitabu vyake, na siku hiyo alikuwa na homa na haraka. Akabonyeza kile kitufe kinachopunguza kila kitu kwa mkupuo mmoja wakati waraka unageuzwa kuwa PDF. Kijitabu kilirudi na wanakwaya wote wakiwa na nyuso za matofali madogo madogo. Mmoja wao, mwalimu wa kwaya wa kwanza, alikuwa ameshafariki, na picha ile ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Toka siku hiyo alikichukia kile kitufe kama mtu.

"Kile kitufe hakijui nani kafa," alikuwa akisema.

Nilipenda zaidi mambo yake yasiyopatana. Aliyewakemea watu kwa kurushiana picha mpaka zikonde, yeye kila asubuhi alituma ua kwa kila mtu aliyemjua: waridi lenye umande na maneno ya baraka, lililokondeana kiasi kwamba umande ulionekana kama changarawe. Aliwahimiza watu wafute mizigo kwenye simu zao, na simu yake ilikuwa imejaa mpaka ilikuwa haipokei hata salamu. Maji aliyapima. Alimmiminia mgeni nusu kikombe, akamngoja amalize, akamuuliza kama anataka nusu nyingine. Picha hakuzipima. Alitunza kila picha aliyowahi kupewa, hata za watu waliohama. Yake mwenyewe haikuwapo dukani. Ukielekeza simu kwake aligeuza uso, akasema, "Mimi wa nini?"

Siku tuliyomletea Bibi, alizima kompyuta kukiwa bado na watu kwenye foleni. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Alichana kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene, *Nimekwenda kuona picha*, akakining'iniza mlangoni.

"Kesho asubuhi, Lisekese," alimwambia mama. "Iliyokuja hapa ni habari ya picha. Nataka yenyewe."

Kwa Mjomba nyumba imezungukwa na mikorosho, na baiskeli yake huegemezwa pale pale dirishani miaka yote. Tulimkuta amevaa shati la kanisani kwa heshima ya mgeni. Picha ilikuwa sebuleni, imetundikwa juu karibu na mbao za paa, kioo chake kimeshika vumbi. Mama wa Chapa alitaka itolewe kwenye fremu.

"Haitoki," Mjomba alisema. "Mvua ilivuja, imegandana na kioo. Ya ndoa yangu niliitoa kwa nguvu. Uso ukabaki kwenye kioo, mimi nikabaki na suti."

"Basi ishushe tu."

Akaishusha. Tukaitoa barazani kwenye mwanga. Mama hakusogea. Alisimama mlangoni na mikono ameifungia ndani ya khanga, na nilielewa kwamba anaona afadhali kutokujua kwa dakika nyingine moja. Mama wa Chapa alikifuta kioo kwa ncha ya mtandio wake, taratibu, kutoka pembeni kuja katikati, kama anayemfuta mtoto usingizi.

"Mama Tumaini. Njoo."

Mama akaja. Akapiga magoti.

Zilikuwapo. Zote. Picha ilikuwa imekuwa ya rangi ya chai, pembe moja imeliwa na unyevu, lakini mistari ilikaa mashavuni mwa Bibi myembamba na safi kama mshono. Mama alisogeza kidole juu ya kioo bila kugusa.

"Zinaelekea juu," alisema.

"Mimi nilisema chini," Mjomba alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama wa Chapa akaiomba simu ya Mjomba. Akafungua kamera, akatafuta pembeni, akapata alama ya uso mdogo wenye nyota. Akamwelekezea mama, ambaye machozi yalikuwa yanamshuka, akatuonyesha kioo: mama hana mkunjo hata mmoja, ana miaka ishirini na analia.

"Inarembesha," alisema. "Imeona chale ikadhani chunusi. Halafu mkamrusha kwenye kundi, huko nako wakambana. Ameoshwa mara mbili."

"Mimi sijaigusa," Mjomba alijitetea. "Ilitoka dukani hivyohivyo."

"Izime."

"Si upige sasa na hiyohiyo?"

"Simu iliyomuosha marehemu mara moja siiamini mara ya pili."

Simu yangu aliikataa vilevile, kioo cha kamera kilikuwa kimekwaruzwa na funguo. Ikabaki yake. Na yake ilikuwa imejaa.

Akakaa mkekani akaanza kufuta. Mawaridi yalikwenda kwanza, yote, bustani nzima. Simu ikasema nafasi bado ndogo. Akafuta video za mahubiri na za mapishi. Bado. Akanipa mimi. "Futa kuanzia hapo kushuka, macho yangu yamechoka." Nikatazama. Ilikuwa sherehe, yeye amevaa gauni la zambarau, amemshika mkono binti yake, anacheka mdomo wazi. Sikuwahi kumuona hivyo.

"Mama, hizi ni zako."

"Najua ni zangu."

"Ziko mahali pengine?"

"Futa, mwanangu. Mimi bado nipo. Nitapigwa tena."

Nilizifuta. Alikuwa anaifunua kaniki aliyokuja nayo ndani ya mkoba, nguo nyeusi tii, akatupanga mama na mimi tuishike nyuma yake ili kioo kisichukue mwanga wa uani. Tulisimama pale kama watu wanaomsitiri mtu anayeoga. Naye akampiga Bibi picha, akamtazama, akampiga tena, akabana mkono ubavuni ili simu itulie, akampiga tena.

Kurudi Newala, picha ile hakuirusha popote. Ilitoka kwenye simu kwa waya kuingia kwenye kompyuta, mbele ya macho yetu.

Kazi ilikuwa bado. Mchapaji aliyekuwa Masasi hakupokea flashi, kwa sababu flashi ya mteja iliwahi kuziambukiza kompyuta zake zote kirusi. Kila kitu kilipaswa kwenda kwa mtandao, na kijitabu chetu kilikuwa na picha nyingi. Kilijaribu kwenda, kikarudi. Mtu mwingine angebonyeza kitufe. Yeye aliagiza chai, akafungua picha moja moja, akatugawia uzito.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi, na sijamuona mwingine afanyaye hivyo. Kila picha aliiuliza kama inaweza kupigwa tena. Turubai la siku ya mazishi: litapigwa tena, akalikondesha. Viti: vikondeshwe. Kwaya, ipo kila Jumapili. Keki ya sikukuu ya mwaka mmoja haikumhangaisha. Kisha sisi. Mimi nikakondeshwa. Binamu zangu. Mjomba na shati lake la kanisani alikondeshwa bila huruma. Kila alipomaliza mmoja alitazama pembeni ya kioo jinsi faili lilivyoshuka, akasema "haya," akaenda kwa mwingine. Bibi hakumgusa.

"Vile vidoti vya picha unavyovitoa," nilimuuliza, "vinakwenda wapi?"

"Sijui," alisema. Akafikiri. "Mashine inamtazama huyu doti na jirani yake. Ikiona wanafanana, inasema hawa ni mmoja, wa nini kuwaweka wawili. Sasa nembo ya bibi yako na ngozi yake ni rangi karibu moja. Mashine haioni kitu pale. Mtu ndiye anayeona."

Akanywa chai. "Lakini vinakwenda wapi, hilo ni swali. Ukijua uniambie."

Faili lilikwenda.

Siku ya kusimika msalaba aliketi na kina mama, mtandio wake wa bluu katikati ya vitambaa vyeupe vya kikundi cha akina mama wa kanisa, akifuata nyimbo kwenye kijitabu alichokipanga yeye. Ibada ilipoisha na chakula kikaanza, Mjomba alimjia na kijitabu kimefunguliwa ukurasa wa familia.

"Mama wa Chapa, mbona mimi niko kwenye moshi?"

"Baba Agnesi, wewe si upo? Tafuta mpiga picha kesho."

Watu wakacheka, na Mjomba akacheka nao, akaendelea kuonyesha watu moshi wake mchana kutwa.

Mama alikuwa amekaa na wasichana wote wa ukoo, wakubwa na wadogo, kijitabu kipo magotini. Aliwashika mkono mmoja mmoja, akawapitisha kidole kwenye jalada. Huu unaanzia hapa. Unapanda. Hapa unakata kona. Msichana mmoja aliuliza kama iliuma. Bibi kizee wa jirani, mwenye nembo zake mwenyewe zilizozama kwenye mikunjo, aliomba aonyeshwe. Alikiweka kijitabu karibu na jicho, akasema kwa Kimakonde jina la mama aliyezichanja, mtu aliyezikwa kabla ya sisi wote kuzaliwa. Aliitambua kazi ya mkono wa mama huyo.

Mama akainua kichwa, akamtafuta Mama wa Chapa kwa macho kati ya watu.

"Nyie Wamakua!" aliita kwa sauti ya uani. "Mlituiga chale, na bado hamkupendeza!"

"Afadhali sisi!" jibu likarudi hapohapo. "Hatuoshwi na simu!"

Nilimuona kwa mara ya mwisho kabla ya korosho za mwaka huu kuanza kuokotwa. Duka lilikuwa limefungwa, kibao kimeshushwa, na muuza mapipa alikuwa ameshasogeza mapipa yake hadi kizingitini. Macho yalikuwa yamemshinda. Mtoto wa jicho, jicho moja kisha la pili, na alikuwa anahamia Chiungutwa kwa binti yake mpaka apate nafasi ya kupasuliwa. Nilimkuta barazani kwake amekaa kati ya maboksi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani? Tumaini? Kitabu chako bado chepesi?"

"Bado, mama."

Alicheka. Akanimiminia nusu kikombe cha maji, akiweka kidole ndani ya ukingo ili ajue yalipofika. Nilimaliza. Akaniuliza kama nataka nusu nyingine. Kompyuta alimwachia nani? Kanisa na msikiti wamegawana, alisema, mashine huku, printa kule, itabidi wapatane. Na picha zote? Akapapasa kwenye boksi la karibu. Zimo humo. Anakwenda nazo.

Nilikuwa nimekuja na ombi, nikalizunguka muda mrefu. Mwishowe nikasema.

"Mama, nataka nikupige picha."

Nilingoja ageuze uso. Hakugeuza. Alikaa akisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja, kama alivyokuwa akikaa mbele ya kioo.

"Inakwenda kukaa wapi?"

"Ukutani kwa mama. Pembeni ya Bibi."

"Kubwa kiasi gani?"

Nikatanua mikono, nikakumbuka haoni. Nikamshika mikono yake miwili nikaitanua kwa kadiri niliyotaka. Alibaki ameiacha hivyo hewani, akipima.

"Inafika," alisema.

Akainuka, akafuata ukuta kwa kiganja mpaka mlangoni, ambako mwanga ulikuwa mzuri. Akajifunga mtandio vizuri. Nikainua simu yangu mpya.

"Subiri," alisema. "Zima ile ya kurembesha."

"Hii haina, mama."

"Tazama."

Nikatazama. Ilikuwapo, uso mdogo wenye nyota, na ilikuwa imewaka tangu siku niliyoinunua. Nikaizima. Kwenye kioo uso wake ukabadilika polepole, kama ardhi inavyoonekana ukungu ukiondoka.

"Mikunjo ipo?" aliuliza.

"Ipo."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Haya," alisema, akainua kidevu. "Piga."